Mgeni aliyekuwa mbunge wetu: Lumumba na kura za Stanleyville

Kila uchaguzi unapokaribia, hapa Kapalata sawasawa na pengine pote Kisangani, kuna swali linalotangulia yote: huyu anayeomba kura ni mtoto wa wapi? Watu wanataka kujua kabila lake, kijiji cha baba yake na lugha anayosema nyumbani. Atafanya nini akifika Kinshasa, hilo linaulizwa nyuma, ao haliulizwi kabisa.

Lakini mbunge anayejulikana kuliko wote waliowahi kutumwa na mji huu hakuwa mtoto wa hapa. Alitoka mbali akitafuta kazi, kama vile wengi wetu ao wazazi wetu walivyokuja. Jina lake ni Patrice Emery Lumumba. Wengi wanamjua kama Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo na kama mtu aliyeuawa Katanga. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kuwa Waziri Mkuu alikuwa mbunge wa taifa, na kwamba eneo lake la uchaguzi liliitwa Stanleyville, ni kusema Kisangani ya leo. Eneo hilo, namna lilivyokuwa wakati ule, halipo tena. Lakini habari yake inatuhusu sisi tunaopiga kura leo.

Karani wa posta

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 katika kijiji cha Onalua, upande wa Katako-Kombe, Sankuru, ndani ya Kasai. Alikuwa Mtetela. Alisoma shule za misioni, za Wakatoliki na za Wametodisti, lakini hakufika mbali sana na masomo. Akiwa bado kijana aliacha kwao, akaenda Maniema kutafuta kazi kwenye machimbo ya Kalima. Mwaka 1944, alipokuwa na umri wa karibu miaka 19, akafika Stanleyville.

Mji aliokuta ulikuwa mji mkuu wa Jimbo la Mashariki. Meli zilizopanda mto kutoka Léopoldville ziliishia hapa, na ng'ambo ya mto reli ilianza kwenda Ponthierville, leo Ubundu. Walikuwepo Wagenia wa maporomoko, Walokele, Wakumu, Wangwana wa Kiswahili, na watu wa kila upande waliofuata kazi. Wazungu walikaa kwao katikati ya mji, Weusi katika vitongoji vyao. Katika mji wa namna hiyo Mtetela mmoja zaidi hakushangaza mtu.

Alipata kazi katika ofisi za Leta. Mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville kwenye shule ya posta, akarudi akiwa karani. Alifanya kazi Yangambi, penye kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, kisha akarudi Stanleyville katika ofisi ya hundi za posta. Mwaka 1951 alimuoa Pauline Opango, binti wa Sankuru kama yeye.

Kazi ya ofisi ilipoisha, njo kazi yake nyingine ilianza. Alisoma sana, akaandika katika magazeti ya wakati ule, na akaanzisha gazeti dogo la wafanyakazi wa posta, L'Écho postal. Alikuwa katika uongozi wa vyama vingi kwa mara moja: chama cha waevolue, yaani Weusi waliosoma, na chama cha wafanyakazi Weusi wa Leta, bila kusahau umoja wa watu wa posta. Alisema Kitetela, Kifaransa, Kiswahili, Lingala na Chiluba. Hilo lilikuwa jambo kubwa hapa kwetu, mahali ambapo Lingala na Kiswahili vinakaa nyumba jirani. Aliweza kusimama mbele ya watu wa kitongoji chochote bila kutafuta mkalimani.

Wakati huo hakuwa bado mtu wa kupinga Wabelgiji. Aliomba kitambulisho cha "immatriculation", ile karatasi iliyomhesabu Mwafrika kama mtu aliyestaarabika, na baada ya kukataliwa mara ya kwanza alikipata mwaka 1954. Mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville mwaka 1955, Lumumba alizungumza naye. Aliamini bado kwamba Weusi na Wazungu wangeweza kuijenga Kongo pamoja, kidogo kidogo, chini ya bendera ya Ubelgiji.

Gereza la kwanza

Mwaka 1956 alikwenda Ubelgiji katika ziara ya masomo. Aliporudi, mwezi wa saba, alikamatwa. Shtaka lilikuwa wizi wa pesa za posta, karibu franka 126,000. Lumumba alikubali kwamba alichukua. Si vizuri kuificha habari hii eti kwa heshima ya shujaa. Wapinzani wake waliitumia mpaka mwisho, na watu wa Stanleyville walioipigia kura orodha yake waliijua. Alihukumiwa, akakaa gerezani mpaka mwezi wa tisa 1957. Humo gerezani aliandika kitabu juu ya hali ya Kongo, kitabu kilichotoka mwaka 1961 wakati mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Alipotoka hakuwa na kazi tena serikalini. Alikwenda Léopoldville, akaajiriwa na kiwanda cha pombe kilichouza bia ya Polar. Kazi ya kuuza bia ilimpitisha katika baa na vitongoji vyote vya mji mkuu. Tarehe 10 mwezi wa kumi 1958 chama cha Mouvement National Congolais, MNC, kilianzishwa, na yeye akawa kiongozi wake. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa Accra, Ghana, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote. Aliporudi, neno lake lilikuwa moja: uhuru, na uhuru wa nchi nzima bila kuigawanya.

Hapo njo tofauti yake na wengine ilionekana. Vyama vingi vya wakati ule vilikuwa vya kabila ao vya mkoa. ABAKO kilikuwa cha Wakongo wa magharibi, CONAKAT cha watu wa Katanga, BALUBAKAT cha Waluba wa huko. MNC kilitaka kuwa cha wote. Lakini hata ndani yake watu walipasuka: mwezi wa saba 1959 Albert Kalonji, Joseph Ileo na wengine walijitenga na kuunda upande wao. Upande wa Lumumba ukaitwa MNC-Lumumba. Ngome yake haikuwa Kasai alikozaliwa. Ilikuwa Stanleyville.

Mwezi wa kumi 1959

Mwishoni mwa mwezi wa kumi 1959, MNC-Lumumba ilifanya mkutano wake mkuu hapa Stanleyville. Watu walijaa. Chama kilikuwa na gazeti lake mjini, Uhuru, na jina hilo peke yake lilitosha kueleza hali ya hewa. Tarehe 30 fujo ikazuka, polisi na askari wa Force publique wakapiga risasi, watu wengi wakafa. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja Lumumba akakamatwa, akishtakiwa kuchochea fujo.

Mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na uchaguzi wa madiwani wa komini. Mwanzoni chama kilitaka kuususia, kisha kikabadilisha wazo na kushiriki. Kiongozi alikuwa ndani ya gereza, hakuhutubia mkutano hata mmoja. Matokeo yalipotoka, MNC-Lumumba ilikuwa imechukua viti 55 kati ya 67 mjini Stanleyville. Wabelgiji wakaelewa kwamba kumfunga mtu huyu hakumpunguzii nguvu hapa.

Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1960 alihukumiwa kifungo cha miezi sita, akapelekwa gereza la Jadotville, leo Likasi. Lakini Brussels ulikuwa umefunguliwa ule mkutano wa Meza ya Mviringo kati ya Wabelgiji na viongozi wa Kongo, na wajumbe Wakongomani walikataa kuendelea bila yeye. Baada ya siku chache alifunguliwa, akapanda ndege, akafika Brussels tarehe 26, alama za pingu zikiwa bado mikononi. Mkutano ule uliweka tarehe ya uhuru: 30 mwezi wa sita 1960.

Kura za mwezi wa tano

Ilibaki miezi michache tu kuandaa uchaguzi wa kwanza wa wabunge katika nchi kubwa kama hii. Bunge la taifa lilipewa viti 137, kiti kimoja kwa kila wakaaji 100,000 hivi. Senati ilipewa viti 84, vilivyojazwa na mabunge ya majimbo, 14 kwa kila jimbo. Maeneo ya uchaguzi kwa kawaida yalifuata mipaka ya wilaya za kikoloni. Watu walipigia orodha za vyama, na viti vikagawanywa kulingana na wingi wa kura.

Haki ya kupiga kura ilikuwa ya wanaume peke yao, kuanzia miaka 21. Wanawake waliobeba mikutano ya chama, waliowapikia wajumbe na kuwaficha waliotafutwa na polisi, hawakuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha kura. Hata Mama Pauline hakuwa na haki ya kumpigia mume wake. Tunapowasikia leo watu wakisema kwamba kura ya mwanamke ni jambo dogo, tukumbuke kwamba uchaguzi uliozaa taifa letu ulifanywa bila nusu ya taifa hilo.

Lumumba alisimama katika eneo la Stanleyville. Angeweza kutafuta kiti kwao Sankuru, na hakuna mtu angeshangaa. Alichagua mji alikofanya kazi, alikofungwa na alikofahamika. Na mji ukamchagua. Katika Jimbo la Mashariki lote, MNC-Lumumba ilipata viti 21 kati ya 25 vya bunge la taifa, na katika bunge la jimbo viti 58 kati ya 70. Hakuna jimbo lingine la Kongo ambako chama kimoja kilishinda namna hiyo. Jean-Pierre Finant, mwenzake wa chama, akawa mkubwa wa serikali ya jimbo.

Nchini kote MNC-Lumumba ilikuwa ya kwanza, na viti 33 kwa jina lake lenyewe, 41 ukihesabu orodha rafiki. Zaidi ya nusu ya viti hivyo vilitoka upande wetu. Bila Jimbo la Mashariki, Lumumba angebaki kiongozi wa chama kimoja kati ya vingi.

Hata hivyo 41 kati ya 137 haitoshi kutawala. Alilazimika kufanya serikali ya vyama vingi, na Joseph Kasa-Vubu wa ABAKO akawa Rais. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 mwezi wa sita, wabunge 74 waliipigia serikali yake kura ya ndiyo. Waliotakiwa walikuwa 69. Wengi wa wengine hawakuwa hata ukumbini. Lumumba alikuwa na miaka 34.

Siku 67

Kutoka uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita, mpaka siku Kasa-Vubu alipotangaza kumfukuza, tarehe 5 mwezi wa tisa, ni siku 67. Tarehe 5 mwezi wa saba askari waliasi. Tarehe 11 Katanga ya Moïse Tshombe ikajitangaza nchi peke yake, ikisaidiwa na Wabelgiji. Kasai ya Kusini ya Kalonji ikafuata. Askari wa Umoja wa Mataifa walikuja lakini wakakataa kuirudisha Katanga kwa nguvu. Lumumba aliomba msaada wa ndege na magari kwa Wasovieti, na Wamarekani wakaamua kwamba lazima aondoke. Jeshi lake lilipopelekwa Kasai liliua raia wengi, na lawama hiyo nayo ilimfuata.

Alipofukuzwa, bunge lilikataa. Tarehe 7 mwezi wa tisa, kwa kura 60 dhidi ya 19, wabunge walifuta amri zote mbili: ya Kasa-Vubu kumfukuza Lumumba, na ya Lumumba kumfukuza Kasa-Vubu. Senati nayo ikamuunga mkono. Lakini tarehe 14 Kanali Joseph-Désiré Mobutu akasimamisha siasa yote na kufunga bunge. Kura za watu wa Stanleyville, zilizokuwa hazijatimiza hata miezi minne na nusu, hazikuwa tena na nguvu mbele ya bunduki za mji mkuu.

Njia ya kurudi kwa waliomchagua

Lumumba alikaa amezungukwa ndani ya nyumba yake Léopoldville: askari wa Umoja wa Mataifa karibu, wakimlinda, na askari wa Mobutu nje yao, wakingoja atoke. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, alitoka amejificha ndani ya gari. Alikuwa anakuja huku. Antoine Gizenga, makamu wake, alikuwa ametangulia Stanleyville kukusanya nguvu.

Safari ilichukua siku kadhaa kwa sababu kila kijiji kilichomtambua kilitaka asimame aseme neno, na yeye alisimama. Kwenye mto Sankuru, penye kivuko cha Lodi, alivuka na mtumbwi. Mke wake na mtoto wao mdogo Roland walibaki ng'ambo ya nyuma, na askari waliokuwa wakimfuata wakawafikia pale. Lumumba akarudi akavuka tena. Hapo njo alikamatwa.

Alifungwa Thysville, leo Mbanza-Ngungu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 alipelekwa Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Walipigwa vibaya, na usiku ule ule wakapigwa risasi porini mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Maiti zao zilikatwakatwa na kuyeyushwa katika asidi, ili pasiwe na kaburi. Mbunge wa Stanleyville hakufika Stanleyville.

Mji uliolipa

Habari ya kifo chake ilitangazwa tarehe 13 mwezi wa pili 1961. Kilichofuata kinauma kukisema. Finant, aliyekuwa ameongoza jimbo letu, aliuawa Bakwanga, leo Mbuji-Mayi, pamoja na Walumumba wengine waliopelekwa huko kama wafungwa. Kwa kulipiza kisasi, askari wa Stanleyville waliwapiga risasi wafungwa wa kisiasa waliokuwa hapa. Kati yao alikuwa Alphonse Songolo, mbunge wa MNC-Lumumba na waziri wa zamani wa Lumumba mwenyewe. Kosa lake lilikuwa kutengana na kiongozi wake. Watu waliopiga kura orodha moja walikuwa sasa wanauana.

Gizenga alikuwa ametangaza Stanleyville kuwa makao ya serikali halali. Wabunge walikutana tena Lovanium, na mwezi wa nane 1961 wakakubali serikali ya Cyrille Adoula. Mwaka 1962 Jimbo la Mashariki likakatwa vipande vitatu. Mwaka 1963 Kasa-Vubu akafunga bunge. Tarehe 5 mwezi wa nane 1964 Wasimba waliingia Stanleyville wakisema wanamfuata Lumumba. Mbele ya mnara waliomwekea katikati ya mji waliwaua hadharani watu waliowahesabu kuwa maadui, wengi wao makarani na watu waliosoma, kama alivyokuwa yeye. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja wakaja askari wa miamvuli wa Ubelgiji pamoja na majeshi ya serikali na mamluki, na vifo vikaanza upya kwa upande mwingine.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1965, Mobutu alichukua madaraka yote. Mwaka 1966 jina la Stanleyville likabadilishwa kuwa Kisangani, na mwaka huo huo Mobutu akamtangaza Lumumba shujaa wa taifa. Eneo la uchaguzi la Stanleyville halikufutwa kwa kelele. Jimbo lilikatwa, jina likaondolewa, kisha chama kimoja kikafanya uchaguzi kuwa kitu cha kupiga makofi. Ilibidi kungoja mpaka 2006 watu wa Kisangani wachague tena wabunge wao kati ya vyama vingi. Tangu 2015 jimbo letu ni Tshopo, na mji wa Kisangani ni eneo la uchaguzi lenyewe.

Jino

Mwezi wa sita 2022 Ubelgiji ilirudisha kwa familia kitu pekee kilichobaki cha mwili wa Lumumba: jino moja, lililokuwa limechukuliwa na polisi Mbelgiji aliyesaidia kuyeyusha maiti. Sanduku lilikwenda kwanza Sankuru, alikozaliwa. Kisha likaja Kisangani, kabla ya Katanga na kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Zaidi ya miaka 61 baada ya usiku ule wa mvua, mbunge alifika kwa waliomchagua.

Wazee waliompigia kura mwaka 1960 wamebaki wachache sana. Hawakuwa malaika, na aliyechaguliwa hakuwa malaika. Lakini mbele ya orodha zile hawakumfunga kwa sababu ya Onalua. Walimpima kwa yale waliyomwona akifanya hapa: vyama alivyoongoza, maneno aliyoandika, gereza alilolikubali.

Leo swali la mwenye udongo na wa kuja limekuwa kali. Tangu mwezi wa pili 2023, ugomvi wa Wambole na Walengola juu ya ardhi umechoma vijiji karibu yetu na kuwaleta maelfu ya wakimbizi mjini. Hapa Kapalata, jina linalojulikana zaidi kwa kambi yake ya wanajeshi, familia nyingi zimetoka majimbo mengine, na watoto wao wamezaliwa hapa hapa. Siku ya kura ikifika tena, kila mmoja atauliza mgombea ni mtoto wa wapi. Haikatazwi kuuliza. Kisha tumuulize pia amefanya nini hapa kati yetu, miaka yote hii, kabla hajaja kuomba kura.